Likizo Machakos: Lipia mchezo, usilipie ukuta

Likizo ya shule ikikaribia, kundi la WhatsApp la familia huchangamka ghafla. Mdogo wako wa Gredi ya 6 anapachika picha ya bwawa la kuogelea lenye bomba refu la kuteleza. Shangazi anaongeza picha ya watoto wakibembea. Mama hasemi kitu, lakini unajua anachofikiria. Kati ya wote waliomo kwenye kundi hilo, aliye na mshahara Nairobi ni wewe. Macho yote kwako.

Msimamo wetu ni huu: wapeleke. Mzazi aliyekusomesha kwa kuuza maharagwe hastahili kusubiri uwe tajiri ndipo aonje siku mbili za kupumzika. Watoto nao hawabaki watoto milele. Ila usiwalaze ndani ya hoteli yenye michezo hiyo. Lala nje, ingia mchana, cheza mpaka uchoke, kisha toka. Ukifanya hivyo, likizo inawezekana hata kwa mshahara wa kijana anayelipia keja ya chumba kimoja Pipeline au Rongai.

Na kwa familia ya Nairobi, hakuna mahali pepesi pa kuanzia kama Machakos.

Kinachouzwa ni kitanda

Wengi wetu hudhani hoteli yenye bwawa, bembea na farasi wa kupanda inauza michezo. La hasha. Michezo ni chambo. Kinacholeta hela ni kitanda, na baada ya kitanda, sahani.

Fikiria inavyokwenda. Ukishalipia chumba, umeingia mkataba ambao haukuandikwa popote. Chakula cha mchana utakila humo humo, kwa sababu kutoka hadi barabarani ni mwendo. Chupa ya maji ambayo dukani ni ya shilingi chache, mezani inakuja na glasi, kijikaratasi cha bili na bei nyingine kabisa. Soda za watoto hivyo hivyo. Mara nyingi utaambiwa usiingize chakula kutoka nje. Jioni watoto wanataka chipsi, na huwezi kumwambia mtoto aliyetoka majini kwamba kibanda cha chipsi kiko kilomita tano.

Tena familia zetu si za baba, mama na watoto wawili kama zile za kwenye matangazo. Yuko baba, yuko mama, yuko susu, wako wadogo zako wawili, halafu wewe. Chumba cha watu wawili hakiwatoshi. Hoteli itakuuzia vyumba vitatu, na kila kimoja kina bei yake kwa kila usiku. Watu wa kwetu wengi huchomwa hapo: wanaona bei ya usiku mmoja kwenye tangazo, wanasahau kuizidisha kwa tatu, kisha kwa mbili.

Mmarekani aliyelijua hili mapema

Hili si jambo la Kenya pekee. Bustani ya burudani maarufu kuliko zote duniani, Disneyland, ilifunguliwa Anaheim, California, Julai 1955. Walt Disney alikuwa amenunua ekari 160 hivi, akamaliza pesa zake kujenga michezo. Hata hoteli iliyobeba jina la Disneyland, iliyofunguliwa mwaka huo huo, ilijengwa na mfanyabiashara mwingine, Jack Wrather, kwa sababu Disney hakuwa na mtaji wa kuijenga mwenyewe.

Kilichofuata kilimuuma. Nje ya uzio wake, hoteli ndogo ndogo ziliota kama uyoga baada ya mvua. Familia zilikuja, zikalipa tiketi ya mlangoni, zikacheza kutwa, kisha zikavuka barabara na kwenda kulala kwa jirani. Disney aliubeba mzigo wa kuwavuta watu kutoka mbali, majirani wakachukua pesa za vitanda.

Alipotaka kujenga bustani ya pili, hakurudia kosa hilo. Miaka ya 1960 alinunua ardhi Florida kimyakimya, kupitia kampuni zenye majina mengine ili wenye mashamba wasipandishe bei. Akajikusanyia zaidi ya ekari 27,000. Bustani yenyewe haikuhitaji eneo lote hilo. Alitaka nafasi ya kuweka hoteli zake mwenyewe, na umbali wa kutosha kumzuia jirani asimkaribie. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971, yeye akiwa ameshafariki. Hoteli ya Wrather kule California, kampuni yake iliinunua miaka ya 1980.

Tunakusimulia haya kwa sababu moja. Kama mwenye bustani alikuwa tayari kununua eneo la ukubwa wa mji ili usilale nje, basi kuna pesa nyingi katika uamuzi wa kulala nje. Pesa hizo zikibaki mfukoni mwako ni zako.

Machakos haikufungii ndani

Sasa turudi kwetu. Kutoka Nairobi hadi mji wa Machakos ni zaidi kidogo ya kilomita 60. Unashika Mombasa Road, unapita Mlolongo na Athi River, na pale Kyumbi unakata kushoto. Mathree za Machakos unazipata upande wa Country Bus, kile kituo ambacho watani wa Nairobi hukiita "Machakos Airport". Ukiwa na gari na una haraka, ile barabara ya juu ya kulipia kutoka Westlands inakushusha Mlolongo. Kama huna haraka, ada hiyo ni chakula cha mchana cha mtu mmoja. Pita chini.

Michezo ya eneo hili iko ya aina mbili. Ya kwanza ni zile hoteli za kitalii zilizotawanyika kando ya Mombasa Road, upande wa Lukenya na Maanzoni, kabla ya kufika Kyumbi. Hizo ndizo zenye mabwawa, bembea na nyasi za kupigia picha. Nyingi za hoteli za namna hii nchini huruhusu mgeni wa mchana, yaani mtu anayelipa kuingia, kuogelea na kucheza, bila kulala. Hawalipigii kelele hilo kwenye mabango, lakini ukipiga simu na kuuliza "bei ya mgeni wa mchana ni ngapi?", utajibiwa.

Aina ya pili ni ya umma. Machakos People's Park, iliyojengwa katika muhula wa kwanza wa gavana wa kwanza wa kaunti, Alfred Mutua, iko mjini penyewe. Ina sehemu ya watoto kuchezea, jukwaa la wazi la burudani na nafasi tele ya kutandika leso. Hakuna anayekudai ulale hapo ndipo mtoto wako apande bembea.

Halafu kuna vitu ambavyo hakuna aliyevijenga. Kilomita chache kutoka mjini, sehemu za Kyamwilu chini ya mlima Kituluni, kuna kipande cha barabara ambapo maji yakimwagwa yanaonekana kupanda mlima. Gari likiachwa bila gia nalo linaonekana kujivuta lenyewe kuelekea juu. Wataalamu husema ni macho yanadanganywa na umbo la milima inayozunguka. Wazee wana simulizi zao. Mtoto wa Gredi ya 6 atabishana na susu wake kuhusu hilo hadi Nairobi, na hiyo burudani hailipishwi kwa saa.

Ukiwa na siku ya ziada, kwenye mpaka wa Machakos na Kiambu kuna maporomoko ya Fourteen Falls ya Mto Athi. Karibu nayo kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, mlima ambao Bwana William Northrup McMillan, yule mlowezi tajiri wa enzi za ukoloni, alizikwa. Ada ya mbuga inalipwa kwa Shirika la Wanyamapori la KWS, na bei ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni wa kutoka ng'ambo. Beba kitambulisho.

Unaona basi mpangilio ulivyo? Kila burudani iko mahali pake, na mji uko katikati. Ukilala ndani ya hoteli moja, umejifunga kwa mchezo mmoja. Ukilala mjini, kila asubuhi unachagua.

Hebu tupige hesabu

Tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu, si bei ya hoteli yoyote. Weka zako uone.

Tuseme mko sita, mnafika Jumamosi adhuhuri na kuondoka Jumatatu asubuhi. Chumba cha watu wawili pamoja na kiamshakinywa ni Sh12,000 kwa usiku. Vyumba vitatu kwa siku mbili vinakula Sh72,000. Chakula cha mchana na cha jioni kwa siku hizo mbili ni milo minne. Sahani ikiwa Sh1,500, watu sita wamekula Sh36,000. Umeshafika Sh108,000, na bado hujanunua soda hata moja wala kulipia farasi.

Sasa lala nje. Nyumba ya vyumba vitatu mjini, yenye jiko, kwa Sh7,000 kila usiku ni Sh14,000. Chakula cha kununua sokoni, kupika na kula hotelini mara moja moja, tenga Sh8,000. Usafiri wa kuzunguka, Sh3,000. Siku moja nzima kwenye bwawa kama wageni wa mchana, Sh1,000 kila mtu, Sh6,000. Jumla Sh31,000.

Tofauti ni Sh77,000. Hata kama bei zako ni nusu ya hizi, au mara mbili, umbo la hesabu halibadiliki: vyumba na sahani ndivyo vinavyomeza, na michezo yenyewe ndiyo ya bei nafuu. Wadogo zako walichotaka ni lile bomba la kuteleza. Hakuna aliyepachika picha ya shuka.

Kulala nje nako kuna bei

Lakini tusidanganyane. Kulala nje si bure, na yapo mazingira ambapo kunaweza kukugharimu zaidi. Anayekwambia kila wakati nje ni rahisi, hajapiga hesabu.

Chukua Maasai Mara. Vijana wengi walizoea kulala Talek au Sekenani, nje ya hifadhi, ili kukwepa bei za kambi za ndani. Tangu 2024, Kaunti ya Narok inahesabu tiketi ya kuingia kwa saa 12, kuanzia asubuhi saa 12 hadi jioni saa 12. Aliyelala nje akitaka kuona wanyama jioni na asubuhi inayofuata, anajikuta akilipa mara mbili. Lile pengo alilodhani ameliokoa limejazwa langoni. Funzo lake ni hili: kabla ya kukodi nyumba ya nje, uliza tiketi ya kuingia inadumu muda gani, na ukitoka kwenda kula, unaruhusiwa kurudi?

La pili ni usafiri. Nyumba nafuu iliyo mbali inaweza kukutoza kwa boda kile ilichokupunguzia kwa kodi. Watu sita si boda moja. Na susu mwenye magoti mabovu hapandi boda, hata kama wewe na wadogo zako mnaona raha. Ongea mapema na mwenye teksi au probox mmoja, mkubaliane bei ya siku nzima, badala ya kupigania nauli kila kona.

La tatu ni usiku. Hoteli inauza pia mlinzi, taa na lango. Ukikodi nyumba, uliza kuhusu maji, stima, mlango unaofungwa na ujirani. Machakos ni eneo kavu na maji ya mfereji hayana uhakika kila mtaa. Uliza kama kuna tangi. Familia iliyotoka kwenye bwawa ikakosa maji ya kuoga haitakusamehe kwa sababu ya Sh77,000.

La nne ni wezi wa mtandaoni. Picha nzuri ya nyumba, bei ya kushangaza, halafu "tuma arbuni kwa namba hii haraka, kuna mtu mwingine anaitaka." Pesa ikitumwa, simu inazimwa. Tumia mitandao inayoshika pesa mpaka ufike, kama Airbnb, au nyumba uliyoelekezwa na mtu aliyewahi kulala humo. Hakuna hata kimoja? Basi afadhali gesti ya kawaida mjini, ambayo unalipa ukishakiona kitanda.

Na kwa wale wenye jamaa Ukambani, mnajua kuna mlango wa tano: kwa mjomba. Ni nafuu, lakini si bure. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nenda na unga, sukari, mafuta, majani na kitu kidogo cha mjomba mwenyewe. Piga simu wiki mbili kabla, si ukiwa Kyumbi. Na kama mjomba ana watoto, ukienda kwenye bwawa huwaachi nyuma. Waweke kwenye hesabu kabla hujaondoka Nairobi. Huwezi kulala kwa mtu, ukaamka na kuwaogesha wako huku wa kwake wakikuaga langoni.

Picha na deni

Tufike kwenye lile jambo lenyewe. Vijana wengi hawalali ndani kwa sababu hawajui hesabu. Wanalala ndani kwa sababu ya aibu.

Wanaogopa mama ataona amefanyiwa kitu nusu. Wanaogopa binamu aliye Qatar atauliza mlilala wapi. Wanaogopa picha ya Instagram isiyo na taulo lililokunjwa kama bata. Basi wanakopa. Fuliza, iliyozinduliwa Januari 2019, ni rahisi kuliko kuomba jirani chumvi, ila kila siku deni linapokaa lina ada yake. Hustler Fund, uliokuja Novemba 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kuliko programu nyingi za mikopo ya simu. Lakini mkopo wake wa binafsi unatakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Ukikopa wiki ya Krismasi, utalipa kwa mshahara upi?

Halafu Januari inafika. Ile Januari yetu ndefu kuliko miezi yote, ya karo, sare, vitabu na kodi ya nyumba iliyorundikana. Yule yule mdogo wako aliyeteleza kwenye bomba anarudishwa nyumbani kwa karo, na wewe ndiye unayepigiwa simu. Hapo ndipo unagundua kwamba ulilipia ukuta. Ulilipia kulala upande wa ndani wa uzio, na bei yake ikawa wiki mbili za darasa la mtoto uliyetaka kumfurahisha.

Mzazi wako akijua hesabu hiyo, unadhani atachagua nini? Mwulize. Mwambie, "Mama, kuna njia mbili. Ya kwanza tunalala pale kwenye bwawa, lakini karo ya huyu itabidi isubiri. Ya pili tunalala mjini, tunaingia mchana, na karo iko." Wazazi wetu wengi walilea watoto wanne kwa pesa ya mmoja. Hawahitaji kufichwa bajeti. Wengi watacheka na kukuuliza kwa nini uliwahi kufikiria ile ya kwanza.

Kumficha mzazi bei ndiko kunakotuletea madeni. Tunajifanya tumeomoka kabla hatujaomoka, halafu tunabaki kulinda uongo huo kila sikukuu. Chanuka. Anayekupenda hatapima upendo wako kwa idadi ya mito kitandani.

Mji uliopitwa na reli

Kuna sababu nyingine ya kulala mjini, na hii haihusu mfuko wako peke yake.

Machakos ni mji mkongwe kuliko Nairobi. Kampuni ya Imperial British East Africa iliweka kituo chake hapo mwaka 1889, wakati Nairobi ikiwa bado kinamasi cha malisho ya Wamaasai. Jina lenyewe linatokana na Masaku, mwonaji na kiongozi wa Wakamba. Kisha reli ikaja kutoka Mombasa, ikapita mbali, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mwaka huo huo John Ainsworth akahamisha ofisi za utawala kutoka Machakos kwenda Nairobi. Mji ukaachwa kando ya safari, na biashara ikafuata reli.

Leo wasafiri wanapita tena. Magari yanaenda na kurudi kwenye Mombasa Road, familia zinaingia kwenye lango la hoteli Jumamosi na kutoka kwenye lango hilo hilo Jumatatu. Zimelala Machakos Kaunti na hazijaiona Machakos. Mama anayeuza muthokoi mjini hajaguswa na shilingi yao hata moja. Wala kinyozi, wala mwenye duka, wala kijana wa boda, wala mwenye nyumba aliyekopa kununua vitanda ili apangishe wageni.

Hatusemi hoteli za kitalii ni adui. Zimeajiri vijana wengi wa kaunti hii, na mgeni wa mchana bado anaziachia pesa. Tunasema pesa ya familia moja inaweza kugusa mikono mingi au mmoja. Ukilala mjini, Jumamosi jioni unanunua nyama buchani, sukumawiki sokoni, na kama ni Disemba, maembe. Jumapili unamlipa dereva wa siku nzima. Ukipita njia ya Wamunyu, unakutana na wachongaji wa vinyago, ufundi uliostawi kutokana na Mutisya Munge, Mkamba aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kinyago cha twiga ulichonunua kwa aliyekichonga kitakaa kwa mama miaka mingi kuliko risiti ya hoteli.

Kaunti na wenye hoteli, mna kazi pia

Haya yote tunamwambia kijana, lakini mzigo usiwe wake peke yake.

Wenye hoteli, andikeni bei ya mgeni wa mchana waziwazi, langoni na mtandaoni. Andikeni inajumuisha nini: bwawa tu, au na bembea? Taulo? Chakula? Mtoto wa umri gani anaingia bure? Familia kufika langoni na kukuta bei tofauti na ya kwenye simu ni njia ya haraka ya kupoteza wateja. Na mwajiri mwokoaji bwawani siku zote, siyo Jumapili pekee. Mtoto wa mgeni wa mchana anazama sawasawa na mtoto wa aliyelala.

Kaunti ya Machakos nayo, bustani ya umma inaishi kwa matunzo. Vyoo visafi, maji, bembea zisizovunjika na taa za jioni ndivyo vinavyomfanya mzazi arudi mara ya pili. Mnatumia pesa kuvutia mwekezaji mkubwa. Tumieni kidogo kutunza mahali ambapo mtoto wa mama mboga anaweza kubembea bila mtu kumuuliza namba ya chumba. Na mkiwasajili wanaopangisha nyumba kwa wageni, na orodha yao ikawekwa hadharani, mtakuwa mmewapunguzia nguvu wale matapeli wa arbuni.

Kabla hujatuma pesa

Basi kama umeamua, fanya hivi. Andika kwanza kiasi ulicho nacho baada ya kutoa karo na kodi ya Januari, siyo kabla. Hicho ndicho kiasi cha likizo, hata kama ni kidogo kiasi gani. Piga simu kwa hoteli mbili au tatu uulize bei ya mgeni wa mchana. Chagua siku moja ya bwawa. Siku nyingine mpe mji, bustani ya umma na Kyamwilu. Tafuta nyumba iliyo karibu na katikati ya mji, yenye tangi la maji na jiko. Epuka wikendi ya sikukuu yenyewe ukiweza. Shule zikifungwa Novemba, Jumatano haina msongamano na bei yake hulegea.

Gawa kazi. Wewe umelipia nyumba na bwawa. Dada aliye na kibarua alipie nauli. Shangazi aliyepachika picha ya bembea apike Jumapili. Likizo ya familia inayolipwa na mtu mmoja humwacha mtu mmoja akiwa amenuna kwenye picha zote.

Na ukishafika pale bwawani saa tatu asubuhi, usitoke mapema. Umelipia siku, itumie yote. Kaa na susu chini ya kivuli, mwache mdogo wako ateleze mara ya ishirini. Giza likikaribia, mkaushane, mpande gari mrudi mjini. Muthokoi iko jikoni, na Januari mtoto atakaa darasani.